Punje ya Kwanza

Mimi ni mashoto. Naandika kwa kushoto, nafagia kwa kushoto, na nikikasirika, mkono unaopiga meza ni huo huo. Na hasira yangu huwa karibu, sikatai. Darasa la kwanza kule Kachibora mwalimu alinifunga huo mkono kwa leso, nikaandika kwa wa kulia karibu mwaka mzima, maandishi utadhani kuku amepita, mpaka akachoka yeye kabla yangu. Mama yangu, Kabura, alichoka baadaye. Baba, Mzee Mathenge, hakuchoka kwa sababu hakuanza. Alisema mradi ng'ombe wanakamuliwa, yeye hana neno.

Kwa hivyo mchumba wangu Wabwile aliponipeleka kwao Myanga kunionyesha, sikuwa mgeni wa mambo haya. Mtu akupe kitu kwa mkono wa kushoto mbele ya wazee ni kukosa adabu, huko kwao na huku kwetu. Kama kuna jambo moja ambalo Wakikuyu na Wabukusu wamepatana bila mkutano, ni hilo. Tangu asubuhi nilijichunga: nikasalimia kwa kulia, nikapokea kwa kulia, hata mbu aliponiuma nikajikuna kwa kulia. Lakini ugali, jamani. Ugali wa watu wengi, unga wa wimbi, sufuria kubwa juu ya mawe, moshi machoni. Huo hausongwi kwa heshima, unasongwa kwa nguvu, na nguvu zangu ziko kushoto. Nilipoinua macho, Senge Nasambu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni akinitazama.

Senge ni shangazi, dada ya baba. Babake Wabwile alikuwa amefariki, na kwa hivyo huyu mama ndiye alikuwa na neno la mwisho kuhusu harusi yoyote ya nyumba hiyo. Mwembamba, mrefu, kitambaa kichwani kimefungwa kama ameagiza kisisogee. Nilichanganyikiwa, nikamalizia ugali, nikaosha mikono, nikamimina chai, nikampelekea. Kwa mkono wa kushoto. Nilijua nilipoona Wabwile akifumba macho.

Senge hakuipokea. Aliniambia niiweke kwenye stuli, nami nikaiweka, na pale ikakaa mpaka maziwa yakafanya ngozi juu. Hakunitukana hata kidogo. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeongea juu ya mvua, kwamba nyumba yao haijawahi kuzaa mtoto wa kushoto, na angependa kufikiri kwanza. Na mpaka amalize kufikiri, hakuna mtu kutoka Myanga ambaye angevuka kwenda Kachibora kwa Mzee Mathenge kusema wameona msichana.

Njiani Wabwile akanishauri, polepole, kama kawaida yake. Huyu ni mwalimu wa hesabu, shule yake iko karibu na Kibabii, na ni mpole mpaka unaweza kumsahau kwenye kiti. Ushauri wake ulikuwa kwamba nijizoeze kulia, miezi michache tu, mpaka Senge alainike. Ati kwani ni ngumu? Nilimjibu. Sitarudia nilichomjibu, lakini hatukuongea tena mpaka Webuye, na baada ya Webuye ni yeye pekee aliyeongea. Hata hivyo nilimpenda huyo mtu. Nilimpenda na nilitaka kuolewa naye, na nilitaka nipokelewe kwao kama mtu, si kama mtu aliyesamehewa.

Nikarudi kazini Kitale na moyo mzito. Mimi nafundisha kemia shule ya wasichana, na muhula ule ulikuwa wa maonyesho ya sayansi. Wanafunzi wangu wawili wa kidato cha tatu, Jelimo na Waruguru, walikuwa wamenisumbua niwape kitu ambacho shule zingine hazina. Jelimo mdomo, Waruguru mikono. Mmoja anaongea, mwingine anapima. Nikawapa jambo nililolisoma nikiwa chuo na ambalo sikuwahi kupata nafasi ya kulijaribu.

Kuna chumvi fulani, si ya kupikia na haiguswi jikoni, inaitwa kloreti ya sodiamu. Ikiwa ndani ya maji haina kushoto wala kulia. Chembe zake ukiziweka mbele ya kioo, zilizo ndani ya kioo na zilizo nje ni sawa tu. Lakini maji yakipoa au yakikauka, zinaanza kushikana kuwa fuwele, zile punje ngumu zinazong'aa, na hapo ndipo maajabu yanapoanza. Zinajipanga kwa kujisokota, kama kamba ya katani. Punje moja inasokotwa kuelekea kulia, nyingine kushoto. Kwa macho zote ni vijiwe vyeupe vya pembe nne, huwezi kuzitofautisha. Ila ukiziweka katikati ya karatasi mbili za plastiki nyeusi, zile zinazofunika kioo cha kalkuleta, halafu uizungushe ya juu kidogo, za kulia zinaingia giza na za kushoto zinabaki kung'aa. Ukizungusha upande ule mwingine, zinabadilishana. Karatasi zetu zilitoka kwa kalkuleta zilizokufa za Wabwile, alizonipa zamani tukiwa hatujagombana.

Wasichana waliacha sahani moja ikae yenyewe kwenye dirisha la maabara. Ilipokauka, punje zilikuwa nusu kulia, nusu kushoto, hivi. Sawa, kama vitabu vilivyosema. Basi nikawaambia sasa tuone ikikorogwa. Tukapasha maji, tukayeyusha chumvi, tukaweka bilauri kwenye beseni la maji baridi, nami nikachukua kijiti cha kioo nikakoroga bila kuacha mpaka punje zikaanza kuonekana kama unga, kisha tukaziacha zinenepe. Baada ya chakula cha mchana tukazitazama. Zote kushoto. Waruguru alizungusha ile karatasi mara kwa mara akitafuta hata moja ya kulia, akakosa.

Jelimo akanitazama mkono, akasema, "Madam, ni wewe."

Kufikia jioni shule nzima ilikuwa na habari. Mkono wa Madam umegeuza chumvi. Nikipita, wasichana wa kidato cha kwanza wananiangalia vidole. Nilicheka nao, ndiyo, mimi si mtu wa kununa mbele ya watoto. Lakini niliingia stoo ya maabara nikajifungia nikalia. Mtu mzima, na digrii yangu, nikajiuliza kama Senge amesema kweli, kwamba kuna kitu ndani ya huu mkono kinachogeuza vitu.

Dawa ya upuzi ni kurudia kazi. Kesho yake Waruguru akakoroga, na Waruguru ni wa kulia kabisa. Zikatoka za kushoto. Akakoroga tena siku nyingine, zikatoka za kulia, zote. Jelimo akakoroga kwa kulia, akakoroga kwa kushoto, akakoroga akirudi nyuma, na matokeo hayakumjali hata kidogo. Kila mara zilitoka za mkono mmoja, ila mkono gani, hakuna aliyeweza kutabiri. Hapo nikakaa chini na wasichana tukafikiri vizuri. Katika maji yale kuna punje moja inayozaliwa kwanza. Inazaliwa ya kushoto au ya kulia, kama shilingi inavyoanguka. Ukikoroga, kijiti kinaigonga na maji yanaipondaponda, vipande vyake vinasambaa, na kila kipande kinakua kufanana na mama yake kabla wengine hawajapata nafasi ya kuzaliwa. Kwa hivyo wote ni watoto wa punje moja. Anayekoroga anaisambaza tu ile familia, haichagui. Na ukirudisha punje zote kwenye maji ya moto zinayeyuka, zinasahau zilikuwa za mkono gani, na ukianza upya unaanza upya kabisa.

Nilifurahi mpaka nikampigia Wabwile simu. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Nilimweleza yote, naye akasikiliza kama anayepiga hesabu. Kisha akauliza kama mtu akitumbukiza punje ya kulia mapema, kabla ya kukoroga, zote zitatoka za kulia hata akikoroga mashoto. Nikamwambia bila shaka, hiyo ndiyo itakuwa mama yao. Akasema haya, akanitakia usiku mwema.

Jumamosi iliyofuata nikiwa maabara na wasichana, mlango ukabishwa. Wabwile, ndani ya koti lake la sherehe. Na nyuma yake Senge Nasambu, kitambaa kichwani kama kawaida, na mkononi kapu lenye jogoo ambaye kichwa chake tu ndicho kilichoonekana. Yule jogoo alinipa matumaini. Mtu haji na jogoo kukukataa.

Kumbe Wabwile alikuwa amemwambia kwamba Kitale kuna kipimo cha kuonyesha mkono wa mtu unazaa nini. Hivyo hivyo alivyosema! Nilimtazama kwa jicho ambalo wanafunzi wangu wanalijua, akajifanya anasoma chati ukutani. Lakini mgeni ameshafika. Jelimo alikuwa tayari ameweka bilauri kwenye beseni. Nikachukua kijiti, nikakoroga kwa mkono wangu wa kushoto, Senge akiwa ameketi kwenye stuli ndefu ya maabara, miguu haifiki chini, jogoo akitoa maoni yake chini ya meza. Nikamweleza kuhusu giza na kung'aa. Alielewa haraka kuliko kidato cha pili.

Tuliporudi kutoka kula, Waruguru akampa karatasi nyeusi azungushe mwenyewe. Akazungusha upande mmoja, zote zikaingia giza. Upande mwingine, zote zikang'aa. Za kulia, kila moja.

Senge akaweka chini ile karatasi. "Kumbe mkono wa kushoto unazaa wa kulia," akasema. Akanyoosha mkono akashika wangu, huo huo wa kushoto, akaushikilia kwa vidole vyake vikavu vya joto. Wacha niseme ukweli, hicho ndicho nilikuwa nimekitaka tangu siku ya ile chai. Akilini niliona mpaka pikapu ikiingia Kachibora na watu wa Myanga wakishuka wakiimba.

Halafu nikamwona Jelimo akimtazama Wabwile, na Wabwile akitazama viatu vyake. Na kwenye meza, kichupa cha punje tulizohifadhi, ambacho Waruguru alikuwa amekiandika "kulia", kilikuwa kimefunguliwa kifuniko. Nikaelewa. Walikuwa wametumbukiza punje kabla sijashika kijiti.

Ningenyamaza. Nani angejua? Mkono wangu bado ulikuwa ndani ya mkono wa yule mama, na kitu pekee kilichohitajika ni nitabasamu. Nilitabasamu hata, kidogo. Kisha ikaniingia kwamba nikizaa mtoto, na mtoto achukue kijiko kwa kushoto, huyu mama atakumbuka maabara hii, na yule mtoto ndiye atakayeonekana mwongo.

"Senge," nikasema, "umedanganywa."

"Na nani?"

"Na huyu mtoto wenu, na huyu mwanafunzi wangu. Waliweka punje ya kulia ndani ya maji kabla sijaanza. Mkono wangu haujafanya kitu."

"Na bila hiyo punje?"

"Bila hiyo hakuna anayejua. Watoto wangu watatumia mkono gani, sijui, Senge. Siwezi kukuahidi."

Akauachilia mkono wangu. Akamgeukia Wabwile akaanza kumwambia mambo kwa Kibukusu, taratibu, bila kupandisha sauti, kwa muda mrefu sana. Mimi nilishika tu jina la marehemu babake, lililorudiwa zaidi ya mara moja. Wabwile alikuwa anaitikia kwa kichwa. Jelimo akarudisha kifuniko cha kichupa.

Alipomaliza, Senge akashuka kwenye stuli, akakunja mikono ya sweta. Akataka bilauri safi. Nikamwoshea kwa maji ya moto, kijiti pia, isibaki hata chembe ya zamani, nikamtilia maji mapya yenye ile chumvi, na akasimama juu yake akihakikisha hakuna anayekaribia. Kisha akakoroga yeye. Kwa mkono wa kulia, mkono uliosonga ugali wa vizazi vitatu. Waruguru alijaribu kumpokea akakataliwa. Hakusimama mpaka punje zilipoonekana, na hata hapo akakoroga tena kidogo, ili ajue amekoroga.

Tukangoja. Nilitengeneza chai kwenye chumba cha walimu, nikamwachia Waruguru aigawe, kwa sababu kwa kweli sikuwa na nguvu ya kuona kikombe kingine kikikaa. Muda ulipofika, Senge akaishika mwenyewe ile karatasi. Akazungusha. Zikang'aa zote pale ambapo zingeingia giza. Akazungusha kinyume, zote giza. Alikuwa amekoroga kwa kulia na zote, mpaka ndogo kabisa, zilikuwa za kushoto.

Aliutazama mkono wake wa kulia, mbele na nyuma. Hakucheka. Akaniuliza zikirudi kwenye maji ya moto inakuwaje, nikamwonyesha, na tukazitazama zikiisha moja moja mpaka maji yakawa maji tu.

"Sasa humu ndani ni mkono gani?"

"Hakuna mkono, Senge."

Akakaa akiyaangalia yale maji. Kisha akainama, akachukua kapu lake, na akaondoka nalo. Jogoo alirudi Myanga. Ukitaka kujua roho ya mtu inavyoanguka, tazama jogoo uliyeletewa akirudishwa alikotoka, shingo nje ya kapu, akikuangalia. Wabwile alimfuata senge wake akiwa amebeba mwavuli wake na hakuthubutu kugeuka.

Wasichana waliniomba msamaha, na niliwapa, baada ya kuwapa kwanza sehemu nzima ya maabara waioshe. Kwenye maonyesho walifanya vizuri, na Jelimo mwenyewe alisimama akawaambia waamuzi kwamba mtu anaweza kudanganya katika jaribio hili na akaeleza namna. Mimi nilipiga makofi. Lakini usiku nilikuwa nalala nikitazama dari. Kutoka Myanga hakuna neno, na Wabwile akipiga simu alikuwa na habari za kila kitu isipokuwa hiyo. Nilijuta? Siku zingine nilijuta, sana.

Kisha karibu na likizo ya Agosti akanipigia, sauti juu. Senge ameagiza pikapu ikodishwe. Watakuja Kachibora. Nikamuuliza amesema amekubali? Akasema hapana, amesema pikapu ikodishwe.

Siku hiyo baba alivaa koti ambalo lilimfaa kabla ya kunenepa. Mama alipika tangu alfajiri na kati ya sufuria na sufuria ananishika bega: leo tu, Wamboi, kulia, leo tu. Nikaendelea kuchochea moto. Pikapu ikaingia, wazee wa Myanga wakashuka wakijinyoosha, wakapangwa kwenye viti, wetu upande huu, wao upande ule. Wabwile aliwekwa kiti cha nyuma kabisa, karibu na zizi, na nilipouliza nikaambiwa ni amri ya Senge. Yeye mwenyewe aliketi mbele. Kapu lilikuwa miguuni pake.

Kwetu mgeni huanza na uji uliochachuka, na siku kama hiyo msichana mwenyewe ndiye anayeupeleka. Mama alijaza kibuyu mpaka ukingoni, akauchukua mkono wangu wa kulia, akakiweka hapo kwa nguvu, akafunga vidole vyangu juu yake. Nikatembea. Watu wote wakinitazama, pande zote mbili, na mkono ule usiozoea kubeba ukiyumba mpaka uji ukawa unanidondokea viatuni. Nikafika mbele ya Senge Nasambu, nikainama, nikamnyooshea.

Hakupokea. Alikitazama kibuyu, akatazama viatu vyangu. Nikasikia mama akivuta pumzi nyuma yangu.

"Uji unamwagika," Senge akasema. "Beba na ule mkono wako."

Nikahamisha kibuyu kwenda kushoto. Uji ukatulia. Mzee mmoja wa upande wao akakohoa, mwingine akaanza kusema kitu, na Senge akamtazama mpaka akakiacha. Kisha akanyoosha mikono yake yote miwili, akapokea, akanywa bila haraka mpaka chini. Akajipangusa mdomo. Na mbele ya watu wa Myanga na watu wa Kachibora, akanirudishia kibuyu kitupu kwa mkono wake wa kushoto.